Stesheni Ndogo za Uwanda wa Kano

Msomaji, ukitoka Kisumu kwenda Ahero utapita barabarani, wala si relini. Ahero ni mji ulio kando ya mto Nyando, wenye mashamba ya mpunga na soko linalojaa watu, lakini hauna stesheni. Reli yapita kaskazini yake, chini ya milima ya Nandi, na huko ndiko ziliko stesheni ndogo za uwanda wa Kano: Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos. Je, kwa nini njia ilipita huko, na ni nani aliyekusudiwa kufaidika nayo?

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Nairobi ilifikiwa mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 reli ya mwisho ikalazwa ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyeongoza ulazaji wa reli. Mahali hapo ndipo Kisumu ya leo. Njia nzima ilikuwa na urefu wa maili 580 hivi. Iliitwa Reli ya Uganda, na jina hilo latufunulia shabaha yake: wajenzi walilitaka ziwa, na ng'ambo ya ziwa waliitaka Uganda. Kano palikuwa mahali pa kupita tu.

Sasa itazame ramani. Uwanda wa Kano ni tambarare, na Nyando hufurika mara kwa mara karibu na Ahero. Njia ya chuma yahitaji udongo ulio imara. Kwa kuambaa chini ya milima, reli iliepuka sehemu kubwa ya mabwawa. Basi maji yaliyoistawisha mipunga ya Ahero ndiyo yaliyofaa kuepukwa na gari la moshi.

Stesheni ndogo za njia hiyo zilipangwa kwa namna iliyo karibu moja, na kila sehemu ilikuwa na sababu yake. Kwa kuwa njia ilikuwa moja tu, penye stesheni iligawanyika kuwa mbili, ili gari moja lingoje pembeni mpaka jingine lipite. Stesheni masta alipashana habari na mwenzake wa stesheni ya mbele kwa simu ya waya, na dereva hakuondoka ila kwa idhini yake. Palikuwa na dirisha la kukatia tikiti, ghala la mizigo, na nyumba za wafanyakazi. Injini za mvuke zilihitaji maji mengi, na kwa hiyo matangi yalijengwa njiani. Hata mabehewa yalikuwa na mpango wake: kwa desturi ya enzi ile Wazungu walikaa daraja la kwanza, Wahindi la pili, na Waafrika walisongamana katika la tatu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini si kila mwenyeji aliyepona kwa kuja kwa mgeni huyu. Wanandi, ambao walipigana na Waingereza tangu mwaka 1895, waliikata simu na kuchukua vyuma vya reli. Mwezi wa Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya mapatano. Baadaye watu wake wakahamishwa kutoka nchi iliyokuwa karibu na reli. Mahali pengine pakapata wakazi wapya: Kibos wakagawiwa mashamba wakulima wa Kihindi, na Miwani pakajengwa kiwanda cha sukari katika miaka ya 1920. Jina Miwani lasomeka wazi katika Kiswahili: mahali penye miwa. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Muhoroni na Chemelil vikafuata, navyo pia karibu na reli.

Hata hivyo, wenyeji hawakukaa wakitazama moshi tu. Vijana wengi wa Nyanza walipanda daraja la tatu kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na wengine waliajiriwa na reli yenyewe. Mama walileta chakula chao stesheni wakawauzia abiria. Njia iliyojengwa kwa ajili ya watu wa mbali ikawa pia njia ya watu wa karibu.

Mwaka 1931 reli nyingine, ipitayo Eldoret, ilifika Kampala, na njia ya Kisumu ikawa tawi. Baadaye malori na mabasi yaliichukua mizigo na abiria, hata treni ya abiria ikasimama kwa miaka. Mwezi wa Desemba 2021, baada ya reli kutengenezwa, ilirudi tena kati ya Nairobi na Kisumu.

Kwa hiyo, msomaji, usiione stesheni ndogo kuwa ni jengo tu lenye bati na dirisha. Uliza ni nani aliyechagua mahali pake, ni nani aliyehamishwa, na ni nani aliyeitumia. Nawe unayekaa Ahero, ambako reli haikupita, una haki ya kuuliza hayo sawasawa na anayekaa Kibigori. Kwani njia zitakazojengwa kesho zitachorwa na watu wa rika lako, na yafaa wachoraji wawajue wenyeji wa nchi zitakamopita.