Hodi Kutoka Kariakoo

Katika banda la video nililokulia, Chikongola, Mtwara mjini, filamu haikuanza na filamu. Ilianza na nembo ya msambazaji. Kioo cheusi, herufi za rangi ya dhahabu zikija kutoka mbali huku zikizunguka, kishindo kama cha radi, kisha jina linatulia katikati. Chini yake namba za simu na anwani ya Kariakoo. Halafu onyo kwamba kudurufu kazi hii ni kosa kisheria. Sisi watoto tuliokaa mkekani tulipiga kelele, "Mjomba, sogeza mbele!" Hakusogeza. Muda wa nembo ndio aliokusanyia viingilio mlangoni.

Filamu nyingi za siku zile nimezisahau. Nembo nazikumbuka. Tulianza na za GMC na Mamu, majina tuliyokuwa tumeyazoea kwenye kanda za muziki. Baadaye ikaja Steps Entertainment, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2010 tuliiona karibu kila jioni.

Kwetu nembo ile ilikuwa na maana nyingine pia: barabara imepitika. Zamani masika yakinyesha, Kusini tulikatika na Dar es Salaam, na wasafiri walilala Rufiji wakisubiri kivuko. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, wakati uleule ambao Girlfriend ya George Tyson ilikuwa inawaonyesha wafanyabiashara kwamba filamu ya Kiswahili inauzika. Diski zikaanza kushuka na mabasi. Msimu wa korosho ukifika, watu walinunua televisheni, deki na jenereta, na vijana wakatembeza filamu mkononi, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na bei yake. Hata neno machinga, wengi husema, lilitoka kwa vijana wa Kusini, Wamachinga wa Lindi, waliokwenda kutembeza bidhaa Dar es Salaam. Sasa bidhaa ilikuwa inarudi nyumbani.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwa nini jina la kwanza kwenye kioo halikuwa la mwigizaji wala la mwongozaji. Watayarishaji wengi hawakuwa na fedha za kuchapa kava, kuzalisha diski na kuzifikisha mikoani. Walimpelekea msambazaji kanda mama, wakapewa fedha za mkupuo, na haki zikabaki kwake. Filamu ikiuza sana au ikidoda, malipo yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo nembo ilikuwa hati ya nyumba. Anayepiga hodi alikuwa mwenye nyumba, hata kama aliyeijenga ni mwingine.

Lakini nyumba yenyewe haikuwa na mlango. Nchi ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA ya kuisimamia. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA, zilizobandikwa kwenye kava za muziki na filamu ili nakala halali itambulike. Stempu ilibanduka na kava lilitupwa. Nembo haikutoka, kwa sababu anayedurufu diski anadurufu kila kitu, pamoja na onyo linalomkataza. Diski nyingi tulizoziona sisi zilikuwa feki, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, na bado zilianza kwa herufi zilezile za dhahabu. Niliwahi kuziona hata ng'ambo ya Ruvuma, Palma, kwenye kibanda cha mtu asiyewahi kufika Kariakoo. Jina lilivuka mto. Fedha hazikuvuka kurudi.

Aprili 2012 Steven Kanumba alipofariki, banda letu lilirudia filamu zake kwa siku kadhaa. Kila filamu ilianza na nembo, na watu wazima walisubiri kimya ipite ndipo wamwone. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kujiuliza kazi ya marehemu hubaki mikononi mwa nani.

Siku hizi deki zimekufa. Filamu zile ziko YouTube, nyingi zikiwa zimepandishwa na watu wasiojulikana, rangi zimefifia, majina ya mwisho yamekatwa. Nembo ya mwanzo mara nyingi imesalia. Nimejifunza kuisoma. Namba ya simu inayoanza na 0744 au 0748 inaniambia kanda imetengenezwa kabla mitandao haijabadilisha namba katikati ya miaka ya 2000. Ikianza na 0754 au 0784, ni ya baadaye. Anwani inaniambia duka lilikuwa mtaa gani. Aliyeandika hadithi, aliyeshika kamera, aliyeigiza mama wa kambo hata tukamchukia mtaani, nembo haimtaji.

Mwezi uliopita nilimwekea mpwa wangu filamu moja kwenye simu. Herufi za dhahabu zilipoanza kuzunguka alinyoosha kidole ili asogeze mbele. Nikamshika mkono. "Subiri kwanza," nikamwambia, "tumsome mwenyewe." Kisha tukaitazama hadi mwisho, tukatafuta majina ya waliobaki. Ilikatika kabla hayajatokea.