Ibn Tulun, Msikiti wa

Msikiti huu wa Kairo, mkongwe kuliko misikiti yote ya mji huo inayosimama katika umbo lake la asili, ulianza kujengwa mwaka 876 ukatimia mwaka 879 kwa amri ya Ahmad ibn Tulun, aliyeingia Misri mwaka 868 akiwa liwali wa Khalifa wa Bani Abbas, na muda si muda akajitawala mwenyewe. Mji wake, al-Qata'i, ulibomolewa na majeshi ya Khalifa mwaka 905, msikiti ukasazwa.

Mzuru atokaye kwenye kelele za magari, kabla hajauingia, hupita kwanza uwanja wa nje uitwao ziyada, uliouzunguka pande tatu, isipokuwa upande wa kibla. Na mlangoni, asipovua viatu, bawabu humfungia juu yake vifuko vya kitambaa. Hatua chache tena, naye yumo katika ua wa mraba, karibu mita 92 kila upande, ambamo hasikii ila nyayo zake. Asiharakie mihrabu. Msomaji aliyekulia Lamu, ambaye macho yake yamezoea zidaka za chokaa, ataona furaha kutazama nguzo hizi nene za matofali zilizopakwa lipu, na matao yake yaliyochongoka, yenye nakshi zilizokatwa kwa mkono ile lipu ikali mbichi. Na juu yake madirisha 128, ambayo nakshi za vimia vyake hazikukaririwa ovyo, na ambayo jua la alasiri hupenya na kutandaza vivuli vyake sakafuni. Chini ya dari umepita ubao wenye aya za Kurani kwa hati ya Kikufi.

Kuba la katikati ya ua lina kisa chake. Amiri Lajin, mmoja wa waliomuua Sultani al-Ashraf Khalil mwaka 1293, alijificha humu, msikiti ukiwa umekwisha kuhamwa, akaweka nadhiri kwamba akisalimika atautengeneza; na alipotawazwa yeye mwenyewe, mwaka 1296, hakuisahau, akajenga kuba hilo na kutoa mimbari.

Mnara una ngazi iliyouzunguka kwa nje, kwa mtindo wa Samarra ya Iraki, alikokulia Ibn Tulun. Apandaye asubuhi, mbali na nyakati za sala, huiona ngome ya Salahuddin upande mmoja, na pande zote nyingine mapaa ya Kairo, mahali palipokuwa na al-Qata'i.