Waliosimama Kando ya Mtawala Aliyeuawa

Mwaka 1828 Paul Delaroche alimchora Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza akikata roho juu ya mito iliyotandazwa sakafuni, wanawake wa kasri wakilia nyuma yake. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Jicho humwendea malkia kwanza, kisha huhamia kwa waliomzunguka, na hapo ndipo mchoraji anaposema neno lake: ufalme unabaki mikononi mwa nani.

Watawala wetu wengi wa Afrika hawakufia kitandani. Msiri, mfalme wa Garenganze, alipigwa risasi na Kapteni Bodson, ofisa wa msafara wa kikoloni, huko Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, kisha akakatwa kichwa. Msafara uliomuua ulijaa askari na wapagazi waliotoka Zanzibar. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alimweka Msiri katika historia ya Kongo aliyoichora miaka ya 1973 na 1974, akaisimulia picha kwa picha kwa Kiswahili. Picha inayonikaa moyoni zaidi ni ya mtu ambaye hakuwa mfalme: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo, amelala mfu pamoja na wenzake waliouawa naye, Mpolo na Okito, na kwa mbali inasimama misalaba mitatu. Maiti zao ziliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Tshibumba aliwapa Golgotha, na anayeitazama picha hujikuta miongoni mwa mashahidi.

Suala hili la mashahidi linaigusa Kibera, mtaa wa Nairobi, moja kwa moja. Wanubi, wanajeshi wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walianza kukaa hapo yapata mwaka 1904, na mwaka 1918 serikali ikatangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Ofisa wa jeshi hilohilo, Richard Meinertzhagen, ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Meinertzhagen alidai kwamba alivamiwa. Wanandi wanasema Koitalel alikuwa amenyoosha mkono kumsalimu. Fimbo zake za uongozi zilikaa Uingereza hadi mwaka 2006.

Mafundi wa kuichora habari hii wapo. Kundi la wasanii la Maasai Mbili lilianzia Kibera mwaka 2001, likianzishwa na wachoraji wa mabango. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, mchoraji Solo 7 alizijaza kuta za mtaa huo maandishi ya kudai amani. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, nako nyuso za watu mashuhuri hupakwa kwenye vibao vya vinyozi na ubavuni mwa matatu, na mpita njia huzitambua papo hapo.

Atakayeuchora mkutano ule wa Koitalel na Meinertzhagen itambidi aamue mkono wa Koitalel unafanya nini: umenyooshwa kusalimu, au umeshika silaha. Nami naamini sehemu ngumu zaidi itakuwa askari Waafrika wa jeshi hilohilo waliosimama nyuma ya Mzungu, kwa maana wasipopewa nyuso, lawama yote itamwangukia mtu mmoja mwenye bastola, na Kibera itatoweka kwenye historia yake yenyewe.