Jukwaa na Kamera: Wachekeshaji Wawili wa Sinema za Kimya

Wasomaji wetu, yako mabishano ya siku nyingi juu ya wachekeshaji wa sinema za kimya, yaani picha zilizofanyizwa kabla sauti haijatiwa ndani yake. Wako wasemao kwamba Charles Chaplin aliuleta mchezo wa jukwaani mbele ya kamera, basi. Bali Buster Keaton aliifanya kamera yenyewe kuwa mchekeshaji. Tumeona vema kuyapima maneno haya, maana yamhusu kila ashikaye chombo kipya: je, ustadi umo katika chombo, au umo katika mtu?

Kwanza tutazame asili yao. Chaplin alizaliwa Uingereza mwaka 1889. Wazazi wake walikuwa waimbaji wa jukwaani, naye alijifunza kazi yake katika kundi la Fred Karno. Keaton alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1895. Tangu utoto alicheza pamoja na wazazi wake, na baba yake alikuwa akimrusha huku na huku jukwaani, watu wakacheka. Basi wote wawili walilelewa na jukwaa.

Picha za kwanza za Chaplin zilionyeshwa mwaka 1914. Katika “The Gold Rush” ya mwaka 1925 achoma mikate miwili midogo kwa nyuma mbili, kisha aichezesha ngoma mezani kama miguu ya mtu. Kamera imetulia tuli, mfano wa mtazamaji aliyeketi kitini. Kazi yote ni ya mikono na uso.

Keaton aliingia katika sinema mwaka 1917, naye alitaka kwanza kujua jinsi kamera ifanyavyo kazi. Katika “The Playhouse” ya mwaka 1921 twamwona yeye mmoja amekuwa watu tisa, wamejipanga safu moja. Siri yake ni hii: sehemu moja tu ya kioo cha kamera ilifunuliwa kila mara, kisha utepe ukarudishwa nyuma, ikafunuliwa sehemu ya pili, na kadhalika. Kosa moja lingaliharibu kazi yote. Jukwaa haliwezi jambo hili kamwe.

Je, tukate neno kwamba wasemao hivyo wasema kweli? La, hasha. Tazama mwisho wa “City Lights” ya mwaka 1931: kamera yamsogelea Chaplin karibu sana, hata twayasoma macho yake. Aketiye nyuma katika jumba la michezo asingaliyaona. Tena tazama “Steamboat Bill, Jr.” ya mwaka 1928: ukuta mzima wa mbele wa nyumba wamwangukia Keaton, naye apona kwa sababu amesimama pale lipitapo dirisha. Hapo hapana hila ya kamera. Ukuta ulianguka kweli, naye alisimama kweli. Kilichomwokoa ni kipimo sahihi, na mwili uliofundishwa kutii tangu utoto.

Basi twaona kwamba yule wa jukwaa aliihitaji kamera, na yule wa kamera hakuliacha jukwaa. Jembe jipya halimfundishi mtu kulima, wala mkulima hodari halidharau. Tupewapo chombo kipya, tusitupe tulichojifunza zamani, wala tusikiogope kipya. Bali tujifunze kwanza jinsi kifanyavyo kazi, ndipo tukitumie.