Waliohesabiwa Mwisho

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, viliitenga mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura kikabila, Wahutu huku, Watutsi kule.

Vita vilipokaribia kwisha likabaki swali la karani: askari ni wangapi? Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitaka jeshi ambalo hakuna kabila linalozidi nusu yake. Makubaliano ya Pretoria ya 2003 yakawapa waasi wa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Asilimia 40 ya ngapi, basi? Kila upande ulikuwa na sababu ya kurefusha orodha yake, maana kila jina lilidai cheo, posho na sahani ya maharage. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikadiria wapiganaji 55,000 wa kurudishwa uraiani, na kazi ikaanza Desemba 2004. Malipo yalipimwa kwa mshahara wa miezi 18 wa cheo cha mtu, hivyo vyeo vya msituni ilibidi kwanza vilinganishwe na vya kambini.

Lakini jeshi haliishi kwa wenye vyeo peke yao. Serikali ilikuwa imewagawia raia bunduki, ikawaita Walinzi wa Amani. Waasi nao walikuwa na wasaidizi wao vijijini. Kwa pamoja walikaribia 30,000, wala hawakuwa na mshahara wa kuzidisha mara 18. Wakapewa faranga 100,000 kila mmoja, mara moja tu. Zilikuwa chini ya dola 100. Wengi walinung'unika, na mimi sioni kwa nini wasingenung'unika.

Mwaka 2009 ikaja zamu ya FNL, kundi jingine la waasi. Wapiganaji wake 3,500 waliingizwa jeshini na katika polisi, 5,000 wakapangiwa kurudi uraiani. Bado walibaki maelfu nje ya hesabu, wanawake wakiwamo. Makaratasi yakawatafutia jina, "watu wazima waliohusiana na FNL", na kiwango kikawa kilekile: faranga 100,000, safari hii kwa mafungu mawili.