Safu ya Lugha: "Tu-ideate" kitu gani?
"Haya, sasa tu-ideate," huambiwa vijana kwenye warsha za ujasiriamali siku hizi. Wengi hudhani neno hilo wamelizua watu wa kompyuta. Wapi! "Ideate" limo katika Kiingereza tangu karne ya 17, na mzizi wake ni Kigiriki: "idea", yaani umbo au sura ya kitu, lenye nasaba na kitenzi cha kuona. Kwa asili, basi, ni kukiona kitu akilini kabla hakijawapo. Madaktari wa akili nao husema "ideation" kwa mawazo yanayomjia mgonjwa, hata yale ya kujiua. Hapo hakuna ubunifu wowote.

Kwetu, kwa maana ile ya warshani, kubuni kunatosha kabisa. Ila msichanganye: aliyebuni ametoa kichwani mwake, aliyegundua amekuta kilichokuwapo, na aliyetunga amepanga maneno yakashikana kama shanga kwenye uzi. Kuvumbua kunayumbayumba kati ya kubuni na kugundua, kwa hiyo mimi hukutumia kwa uangalifu. Na kile kikao cha kila mtu kutupa wazo lake, bila kukosoana kwanza, walimu wa Tanzania hukiita bungua bongo.