Nyumba za bei nafuu Dar: Mpangaji bado yuko nje ya hesabu

Na Mwandishi Wetu

SENSA ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 waliohesabiwa mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika kipindi cha miaka kumi halikukuta nyumba zikiwangoja. Wengi waliishia katika vyumba vya kupanga huko Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti, Mbagala na maeneo mengine ambayo maofisa ardhi huyaita makazi holela. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, asilimia 70 au zaidi ya wakazi wa jiji huishi katika maeneo ya aina hiyo.

Wananchi wengi wanaposikia neno nyumba za bei nafuu hulikumbuka Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Hata hivyo, mamlaka iliyo karibu zaidi na mkazi ni halmashauri. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri za miji kuwa ndizo mamlaka za upangaji katika maeneo yake, na ndizo zenye jukumu la taka na masoko. Dar es Salaam hivi sasa ina halmashauri tano: Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni na Halmashauri ya Jiji, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala.

Juhudi za kuwapatia makazi wakazi wa kipato cha chini zilianza mapema. NHC iliundwa kwa Sheria Na. 45 ya mwaka 1962, na katika muongo huo Serikali iliendesha kampeni ya kubomoa nyumba duni na kujenga za kudumu mahali pale pale. Wale waliokumbwa na kazi hiyo waliiona ni neema, lakini hesabu haikukubali. Kila nyumba mpya ilichukua nafasi ya ya zamani, hivyo idadi ya nyumba haikuongezeka kwa kasi ya watu waliokuwa wakiingia mjini, na fedha zilikuwa chache.

Kuanzia miaka ya 1970 mwelekeo ukabadilika. Badala ya kumjengea mwananchi nyumba, Serikali iliamua kumpimia kiwanja, kumchimbia mtaro na kumvutia bomba la maji, kisha ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Huo ndio mpango wa viwanja na huduma, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ndio ulioizaa Sinza tunayoijua leo, pamoja na sehemu za Kijitonyama na Mikocheni. Sambamba na hilo, Manzese iliboreshwa ikiwa tayari imejengwa.

Anayepita leo Sinza na kisha Manzese, maeneo yanayopakana, haitaji kuelezwa tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la uchumi la Journal of Political Economy, ambao ulichunguza maeneo ya mpango huo katika miji saba ya Tanzania, ulibaini kuwa sehemu zilizopimwa kabla ya watu kuingia zimekuwa na majengo makubwa na yenye mpangilio bora zaidi kuliko sehemu zilizoboreshwa baadaye. Kwa mtaalamu wa mipango miji huo ni ushindi. Kwa mkazi wa kipato cha chini ni habari ya mtu mwingine, kwa maana Sinza imekuwa mtaa wa watu wa kipato cha kati, na aliyepewa kiwanja akiwa hana fedha za kujengea alikuwa na sababu zote za kukiuza.

Jambo hilo lilijirudia miaka thelathini baadaye. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi, ikishirikiana na manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, ilianzisha mradi wa kupima viwanja 20,000. Fedha za kuanzia zilikopwa Hazina na kurejeshwa kutokana na mauzo ya viwanja vyenyewe. Bunju, Mbweni, Buyuni, Mwanagati, Tuangoma, Kibada na Gezaulole ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa, na lengo la viwanja lilivukwa. Kiutendaji, ni vigumu kuutaja mradi mwingine wa ardhi uliojilipa wenyewe kwa namna ile.

Lakini mradi unaojilipa wenyewe hulipwa na mwenye fedha. Mnunuzi alitakiwa kukamilisha malipo katika muda mfupi, na kiwanja kikawa mbali na mjini, mahali ambapo barabara, maji na umeme vilichelewa kufika. Fundi cherehani wa Tandale anayelipa kodi kwa fedha ya kushona sare za shule asingeweza kushindana na mtumishi mwenye mkopo wa benki. Viwanja vingine vilibaki vichaka kwa miaka mingi, vikiwa vimewekwa akiba na watu ambao tayari walikuwa na mahali pa kulala.

Kwa wale waliokwisha kujenga bila kupimiwa, Serikali ilikuja na leseni za makazi. Zilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo inaruhusu leseni ya muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba katika eneo lisilopimwa aliweza kupata karatasi ya kumtambua, na baadhi walizitumia kama dhamana ya mikopo. Baadaye ukaja urasimishaji, ambapo wakazi wa mtaa huchanga, kampuni ya upimaji hupima, na hatimaye kila mmoja hupata hati. Kimara na Makongo Juu ni kati ya maeneo yaliyopita njia hiyo.

Ni vyema kusimama hapa kidogo. Kiwanja, leseni na hati vyote humtambua mwenye nyumba. Nyumba ya kawaida ya uswahilini ina vyumba sita hivi, ukumbi katikati na ua nyuma, na kila chumba kinaweza kuwa na familia yake. Mmoja ndiye mwenye leseni, na wengine ni wapangaji. Chumba hicho cha uswahilini, kilichojengwa na mtu binafsi bila senti ya Serikali, ndicho hasa nyumba ya bei nafuu ya jiji hili, ingawa hakimo katika takwimu za mradi wowote.

Mipango iliyomkaribia zaidi mpangaji ni ile ya kuboresha mitaa. Hananasif, Kinondoni, ni mfano unaotajwa sana. Katika miaka ya 1990 wakazi wa bonde hilo, waliokuwa wakifurikiwa kila masika, waliunda chama chao cha maendeleo na kushirikiana na Serikali pamoja na wahisani, likiwamo Shirika la Kazi Duniani (ILO), kujenga mitaro na barabara. Kazi zilitolewa kwa mikataba kwa wakazi wenyewe, ambao walichimba, wakapanga mawe na kulipwa ujira. Maji yalipungua majumbani, na ujuzi ukabaki mtaani.

Mfumo huo wa kushirikisha mtaa ulichukuliwa na programu kubwa zaidi ya kuboresha miundombinu iliyoanza mwaka 2005 katika manispaa zote tatu za wakati ule, na baadaye Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa Dola za Marekani milioni 300 mwaka 2015. Barabara za lami na taa zimefika katika mitaa ambayo gari la wagonjwa lilikuwa haliwezi kuingia. Mpangaji naye hufaidi. Tatizo ni kwamba taa zikishawaka, mwenye nyumba anayo sababu ya kupandisha kodi, na hakuna chombo cha kumzuia, kwani Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo imeshamiri, na kwa mwenye kipato cha siku kwa siku hiyo ndiyo kuta ndefu kuliko kodi yenyewe.

Unyonge wa mpangaji hujitokeza zaidi pale eneo linapotwaliwa. Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, mwenye nyumba hulipwa thamani ya jengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Mpangaji hupewa taarifa ya kuhama.

Ndivyo ilivyokuwa Kurasini, Temeke, mwaka 2007 na 2008 wakati maelfu ya wakazi walipohamishwa kupisha upanuzi wa bandari. Hapo, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo halmashauri zetu zingefaa kulisoma kwa makini. Baadhi ya wakazi, wapangaji wakiwamo, walikuwa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba vilivyo chini ya Shirikisho la Watu Maskini Mijini. Kwa msaada wa shirika la CCI walinunua ekari 30 huko Chamazi na kusajili chama cha ushirika wa nyumba. Walifyatua matofali wenyewe, wakajenga nyumba ndogo zinazoweza kuongezwa chumba baada ya chumba, na kuweka mfumo wa pamoja wa majitaka. Walikopeshana kutoka mfuko wao, kwa kuwa benki zisingewapokea.

Chamazi haikuwa safari rahisi. Ujenzi ulikwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, na eneo hilo liko takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, hivyo kibarua wa bandarini alijikuta analipa nauli iliyokaribia kumaliza ujira wake. Funzo hilo la umbali lilionekana tena baada ya mafuriko ya Desemba 2011, pale wahanga wa Jangwani na mabonde mengine walipopewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Kiwanja kilitolewa bure, lakini soko la Kariakoo, ambako wengi walikuwa wakitafuta riziki, halikuhamishwa pamoja nao.

Mfano wa kinyume ni Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba zile za zamani, kaya 644, walikuwa wapangaji katika nyumba za umma chini ya Manispaa ya Kinondoni walipohamishwa mwaka 2012 kwa ahadi ya kurudi. Miaka ikapita eneo likiwa tupu. Mwaka 2016 Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliagiza zijengwe nyumba mpya, kazi ikapewa Wakala wa Majengo (TBA), na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua. Kaya zote 644 zilipangiwa nafasi katika maghorofa hayo, na baadaye Serikali ikaeleza kuwa watauziwa kwa utaratibu wa mpangaji-mnunuzi.

Gharama ya ujenzi ilizidi Sh50 bilioni. Ukigawanya kwa nyumba hizo, kila moja iligharimu zaidi ya Sh75 milioni, tena ardhi ikiwa tayari ni ya umma. Hakuna halmashauri yenye uwezo wa kurudia hesabu hiyo kwa mapato yake ya ndani. Mfuko ambao halmashauri zinao kisheria kwa ajili ya wananchi wa kipato cha chini ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, unaogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo yake, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, ni ya biashara na uzalishaji. Kikundi cha wapangaji kinachotaka kununua ekari moja kama walivyofanya wa Chamazi hakikukusudiwa humo, ingawa ndicho chenye akiba, viongozi na daftari la wanachama.

Kwa sasa mpangaji anayepandishiwa kodi ghafla au kutolewa vyombo nje huanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi hupatanisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako jambo la kwanza linaloulizwa ni mkataba wa maandishi, na hapo ndipo wapangaji wengi wa uswahilini, waliokubaliana kwa mdomo ukumbini, hukwama.